Nyumba ya Bibi Ilala: Kilichokutwa Nyuma ya Plasta

Video yenyewe ni fupi, haifiki hata dakika moja. Inaanza na ukumbi wenye giza, kuta za rangi ya bluu iliyobanduka, waya wa umeme unaning'inia juu ya mlango na ndoo mbili zimekaa chini zikisubiri mvua. Halafu kiganja kinaziba kamera, muziki unaingia, kiganja kinatoka, na ukumbi ule ule umekuwa mweupe pee. Dari la jipsamu lenye taa zilizozama, marumaru zinazong'aa mpaka unajiona, kioo kikubwa ukutani, kochi la kijivu na ua la plastiki pembeni. Maelezo ya chini yanasema: nyumba ya bibi, Ilala, kabla na baada.

Watu wakamwaga mioyo. Dada mwenye video, binti wa miaka 27 anayeuza viatu mtandaoni, akaombwa namba ya fundi na watu asiowajua mpaka akachoka kujibu.

Ambacho hakikupostiwa ni kilichotokea masika yalipoingia. Ukuta wa chumba cha pili ulianza kuvimba kwa chini, kama mtu aliyeumwa na jino. Dada akadhani ni rangi. Wiki moja baadaye kipande cha plasta kirefu kama mtoto wa darasa la kwanza kikadondoka usiku, pwaa, juu ya marumaru mpya. Nyuma yake hakukuwa na tofali. Kulikuwa na udongo mwekundu, fito zimefungwa kwa kamba, na boriti iliyoliwa na mchwa mpaka ukiibonyeza kwa kidole inaingia ndani kama keki.

Na wiki hiyo hiyo mjomba akapiga simu. Hakuuliza habari za ukuta. Aliuliza, "Wewe, nani amekuruhusu kuigusa nyumba ya marehemu?"

Kwa hiyo matatizo mawili kwa mpigo, ukuta na ukoo. Na yote mawili yana historia ndefu kuliko umri wa dada, umri wa mjomba na pengine hata umri wa bibi mwenyewe. Ndiyo hiyo inayofuata hapa, kwa sababu nyumba kama ile zipo nyingi sana Ilala, Magomeni, Temeke, Buguruni na zile chache zilizobaki Kariakoo, na wajukuu wengi sasa hivi wanaziangalia kwa jicho la Pinterest.

Tuanze na ramani yake, maana hata kama hujawahi kuishi humo umeshapita mbele yake mara elfu. Mlango mmoja katikati. Kushoto na kulia kwa mlango kuna baraza la kukalia. Ukiingia unakuta ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja mpaka mlango wa nyuma, na pande zote mbili vyumba, vitatu huku na vitatu kule. Ukitoka nyuma upo uani: jiko, bafu, choo, kamba za kuanikia, labda banda la vyumba viwili vya ziada. Ukuta unazunguka uani kote. Watu wa mipango miji wanaiita nyumba ya Kiswahili, na mitaani inaitwa tu nyumba ya vyumba sita.

Ile nyumba haikuchorwa na msanifu yeyote mwenye jina. Ilitoka kwenye nyumba za pwani za miti na udongo, mafundi wakaibeba vichwani mwao na kuirudia kiwanja kwa kiwanja. Vifaa vilikuwa vile vilivyopatikana. Boriti za mikoko zilikuja kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji, fito zikafungwa kati ya boriti na boriti, udongo ukajazwa kwa mikono pande zote mbili, na juu yakaezekwa makuti. Upana wa chumba uliendana na urefu wa mti uliopatikana. Ndiyo maana ukipeleka kitanda kile kipana cha sasa kwenye chumba cha bibi unabaki na njia ya kupita kwa ubavu. Fundi hakukosea vipimo, ila hukuwepo kwenye hesabu zake.

Sasa kwa nini nyumba hizi zimejipanga kwenye mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari? Hapo ndipo serikali inapoingia. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam kutoka Bagamoyo, na mapema kabisa wakaanza kuweka masharti ya ujenzi: upande wa bahari, jenga nyumba za mawe za mtindo wa Ulaya. Hawakuandika wazi kwamba Mwafrika haruhusiwi, lakini mwenye pesa ya kujenga vile ni nani? Kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza wakapanga mji wa Waafrika magharibi, mbali na upepo wa bahari. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, eneo hilo likawa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps. Watu walivyolitamka jina hilo ndiyo Kariakoo unayokwenda kununua nguo za Eid na Krismasi.

Waingereza wakaendeleza mpango ule ule kwa majina mengine. Uzunguni kule baharini, Uhindini katikati, na Waswahili wakaachwa Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukakaa kati kama pengo la kutenganisha. Kariakoo ilipojaa ikafuata Ilala, na baada ya Vita ya Pili zikaja Magomeni na Temeke. Katika ukanda wa Waafrika uliruhusiwa kujenga kwa miti na udongo. Ardhi yenyewe ilibaki mikononi mwa serikali, mtu analipia kiwanja kila mwaka na nyumba tu ndiyo yake. Kwa maneno mengine walikuambia jenga, ila usijenge kitu cha kudumu sana, maana hatujui kesho.

Ndani ya ruhusa hiyo ya nusunusu wakaingia watu ambao vitabu vya shule haviwataji kabisa, wanawake wenye nyumba.

Hili linashangaza wengi. Kazi za mshahara mjini, bandarini, reli, ofisini, zilikuwa za wanaume. Mwanamke aliyekuja Dar es Salaam, iwe alimfuata mume au alimkimbia mume, alikuwa na njia chache. Kupika maandazi na vitumbua, kuuza chakula, kupika pombe, kufua. Pesa yenyewe ilikuwa senti. Lakini wengi walizikusanya senti hizo, wakanunua kiwanja au nyumba kuukuu, na wakageuka kuwa mama mwenye nyumba. Kwa Waislamu, ambao walikuwa wengi mjini, mali ya mwanamke ni yake hata akiachika, na talaka zilikuwa nyingi. Mume anaweza kuondoka na nguo zake lakini nyumba ya mke haiendi naye.

Ukiitazama nyumba kwa jicho hilo ramani nzima inabadilika maana. Vyumba sita vile havikuwekwa kwa ajili ya watoto sita. Mwenye nyumba analala kimoja, kingine labda cha watoto, vilivyobaki vinapangishwa kimoja kimoja. Ukumbi upo katikati ili kila mpangaji awe na mlango wake bila kupita chumbani kwa mwenzake. Choo na jiko viko uani kwa sababu ni vya wote. Baraza ni la wageni wa kiume, wauza kahawa, bao na umbea wa jioni, ili wasiingie ndani ambako wanawake wanajitanda ovyo kwa joto. Ilikuwa biashara kamili yenye paa juu yake, na ndiyo ilikuwa pensheni ya bibi.

Siasa nazo zilipitia humo. TANU ilipoanzishwa Julai 1954 ilihitaji wanachama haraka, na mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed akapewa kazi ya kuwahamasisha wanawake. Hakuanzia maofisini, kwa sababu wanawake hawakuwepo maofisini. Alipita kwenye vikundi vya ngoma, ambako yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji anayejulikana, na vikundi hivyo vilikuwa vimejaa hawa hawa wanawake wa mjini, wapishi wa maandazi, wapika pombe na wenye nyumba. Habari ilitembea uani kwa uani. Leo mtu anaingia uani pale, anasema "pamekaa kizamani sana hapa, tupige zege tuweke swing".

Turudi kwenye paa kidogo maana kuna kitu dada alikikuta huko.

Makuti yanavuja, yanashika moto, na yanahitaji kubadilishwa mara kwa mara. Mafuta ya taa na petroli zamani yaliletwa kwenye madebe, na watu wakagundua kwamba debe likikatwa, likafunguliwa na kupigwa nyundo likanyooka, ni bati. Mitaa mizima ikaezekwa kwa madebe. Fundi wa dada alipofungua paa la jiko la uani, chini ya mabati yenye kutu alikuta tabaka lingine la vipande vya debe, kimoja bado kina herufi za kampuni ya mafuta ingawa hazisomeki vizuri. Alitaka kuvitupa. Aliyemzuia ni mzee mpangaji wa chumba cha nyuma, ambaye yupo kwenye nyumba ile tangu mama yake dada hajaolewa. "Mjukuu wangu," akamwambia dada, "hiyo ni mikono ya bibi yako. Alikuwa anashikilia yeye, mimi napiga nyundo." Dada akaviweka stoo bila kujua atavifanyia nini.

Sasa saruji. Kwa muda mrefu saruji ilikuwa kitu cha meli, cha kutoka nje, cha watu wenye uwezo. Mwaka 1966 kiwanda cha Wazo Hill kikaanza kuzalisha, na saruji ikawa kitu unachoweza kukifikiria. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa 1962, lilikuwa tayari linabomoa baadhi ya nyumba za udongo na kujenga za tofali mahali pale pale. Wenye nyumba ambao hawakufikiwa wakajifanyia wenyewe kwa njia rahisi. Hawakubomoa. Waliuvalisha udongo koti.

Yaani hivi: ukuta wa miti na udongo unabaki kama ulivyo, unaugongea misumari au wavu, unapaka lipu ya saruji nje na ndani, unapiga chokaa, na jirani anadhani umejenga upya. Nyumba inapanda hadhi na kodi inapanda nayo. Kwa miaka kadhaa inapendeza kweli. Shida ni kwamba udongo unapumua na saruji haipumui. Maji yanapanda kutoka ardhini, yakifika kwenye udongo zamani yalikauka yenyewe kwa upepo, sasa yanafungiwa ndani. Boriti inalowa taratibu, mchwa wanafurahi, na lipu ambayo haikushikana na udongo tangu mwanzo inasubiri tu siku yake. Ongeza na barabara. Kila mara mtaa ukiwekwa kifusi au lami, barabara inapanda na nyumba inabaki chini, mpaka unashuka ngazi kuingia mahali ambapo bibi alikuwa anapanda ngazi. Maji ya mvua yanajua njia.

Dada alipoleta fundi wake wa kwanza, yule wa jipsamu, hakuna aliyegonga ukuta kusikiliza. Ukigonga ukuta wa tofali mkono unauma. Ukigonga wa udongo uliovaa koti unasikia du, sauti imekufa. Angalia pia kwenye fremu za milango: ukuta wenye unene usiolingana, umebonyea hapa umetuna pale, huo si wa tofali. Kazi ya dakika tano tu. Fundi akaweka skimu juu, rangi ya plastiki inayofuta kwa kitambaa juu ya skimu, marumaru chini na urembo wa jipsamu juu. Akaufunga ukuta mara ya pili. Masika moja tu yalitosha.

Halafu joto. Hili halionekani kwenye picha lakini dada analijua vizuri. Nyumba ile zamani ilikuwa na nafasi kati ya ukuta na paa, hewa ya moto inatokea hapo. Milango miwili ya ukumbi ilikuwa inafunguliwa asubuhi, upepo unapita kutoka barazani mpaka uani kama bomba. Madirisha yalikuwa ya mbao na nondo, yanafunguka yote. Dari jipya likaziba juu. Madirisha ya aluminiamu ya kuteleza yanafunguka nusu tu. Mlango wa nyuma ukawekewa kabati la televisheni. Ukumbi ukawa mzuri na mkali kama oveni, na dada akaanza kutafuta bei ya kiyoyozi. Mzee mpangaji yeye analala mlango wazi na feni ndogo, chumba chake hakijaguswa, na saa saba mchana ndicho chenye baridi kuliko vyote. Alishamwambia. Wazee wana tabia ya kukuambia kitu mara moja tu halafu wanakuacha.

Swali linabaki: kwa nini nyumba hizi zilibaki mikononi mwa familia wakati majengo mengine yalichukuliwa? Aprili 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, akaundwa Msajili wa Majumba wa kuyasimamia. Waliopigwa zaidi ni wafanyabiashara wa Kihindi wa katikati ya mji. Nyumba ya vyumba sita ya Ilala haikufika huko kwa thamani. Ikapona kwa udogo wake. Bibi akaendelea kukusanya kodi ya chumba wakati ghorofa za Uhindini zimehamia kwa Msajili, na Msajili naye baadaye, mwaka 1990, akaunganishwa na Shirika la Nyumba.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya vita ya Kagera, na mwanzoni mwa 1980, bidhaa ziliadimika. Sabuni foleni, sukari foleni, saruji na bati ndiyo usiseme. Nyumba nyingi hazikukarabatiwa kabisa kipindi hicho, na uchakavu mwingi tunaouona leo ulianzia hapo. Milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, vitu vikarudi madukani, lakini wenye uwezo walikuwa wameshaanza kutamani nyumba nyingine: ya Sinza, Mbezi, Tabata, yenye sebule, choo ndani na ukuta mrefu mbele. Baraza likafa bila mazishi. Watoto wa bibi wakahamia huko, bibi akabaki na wapangaji wake.

Wakati huo huo Kariakoo ikageuka. Vyumba sita vikawa ghorofa sita, kumi na zaidi. Mtindo uliozoeleka ni familia kutoa kiwanja, mwekezaji kutoa pesa, kisha kugawana sakafu au maduka. Wapo waliotajirika, wapo waliobaki na karatasi na kesi. Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka pale Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, na kwa wiki kadhaa hakuna aliyetaka kusikia habari za mwekezaji. Halafu wakasahau. Magomeni kule zile kota za zamani zilishabomolewa, zikajengwa ghorofa mpya zilizofunguliwa mwaka 2022 kwa ajili ya familia 644 zilizokuwa zinaishi pale. Kiwanja cha mjini hakikai kimya.

Na hapo ndipo simu ya mjomba inapoingia.

Bibi alifariki bila kuandika chochote. Ameacha watoto watatu: mjomba, mama yake dada, na mama mdogo. Mume wake alitangulia zamani. Familia ni ya Kiislamu, kwa hiyo hesabu haina maneno mengi: mtoto wa kiume anapata mara mbili ya wa kike. Mjomba nusu, mama robo, mama mdogo robo. Igeuze iwe vyumba: mjomba vitatu, mama kimoja na nusu, mama mdogo kimoja na nusu. Dada hayumo. Mama yake yu hai, basi yeye si mrithi, ni mjukuu tu mwenye mapenzi na nyumba. Milioni zake za viatu zimekaa kwenye marumaru za ukumbi ambao kisheria hana hata hatua moja ndani yake.

Mjomba naye si jambazi kama alivyosimuliwa kwenye lile kundi la WhatsApp la familia. Ana mtoto chuo, ana sukari, na kuna mtu amemtajia bei ya kiwanja ambayo kwa pensheni yake hawezi kuifikia hata akiishi miaka mia. Alichokosea ni kupokea "kishika uchumba" kabla hajawa na haki ya kuuza. Mtu akifariki, hakuna mtoto, hata awe mkubwa vipi, anayeweza kuuza nyumba mpaka ateuliwe msimamizi wa mirathi. Kinatakiwa kikao cha familia chenye muhtasari na sahihi, cheti cha kifo, kisha maombi Mahakama ya Mwanzo, tangazo litolewe ili mwenye pingamizi ajitokeze. Na msimamizi akishateuliwa hageuki kuwa mmiliki. Anakusanya, analipa madeni, anagawa, anarudi mahakamani kutoa hesabu. Wengi wanaishia kwenye ile barua ya uteuzi wakidhani wameshapewa nyumba.

Kwa hiyo wote wawili walifanya kosa la aina moja. Mmoja alitengeneza cha watu, mwingine alitaka kuuza cha watu.

Kikao kilifanyika barazani, siku ya Jumapili, kwa sababu ndani kulikuwa na joto. Mama mdogo alikuja na chapati. Mzee mpangaji alitaka kuondoka kwa adabu, mjomba mwenyewe akamwambia, "Kaa, wewe ndiye unayeijua nyumba hii." Dada alileta bahasha ya risiti zote, za marumaru, rangi, fundi, hata bodaboda. Mjomba akazisoma moja moja kimya kimya kwa muda mrefu. Alipofika kwenye risiti ya taa za dari akauliza, "Hizi taa kumi na mbili za nini? Bibi yako alikuwa na taa moja na alituona wote." Watu wakacheka, na kuanzia hapo maongezi yakawa maongezi.

Waliyokubaliana si makubwa. Mama mdogo, ambaye hataki kuuza wala kukarabati na kwa hiyo hana haraka, ndiye akapendekezwa kuwa msimamizi. Kishika uchumba kirudishwe. Pesa ya dada iandikwe kama deni la nyumba, ila zile za taa, kioo na urembo zitolewe kwenye hesabu, maana hivyo ni vya kwake anaweza kuondoka navyo. Dada alinuna siku mbili kisha akaona ni haki. Kodi ya vyumba viwili vinavyopangishwa iende kwenye ukuta kabla ya kwenda mfukoni mwa mtu. Kuhusu kuuza, watazungumza mirathi ikishafungwa. Mjomba hajabadilisha mawazo yake na hajajificha kusema hivyo.

Ukuta wamempa fundi mwingine, mtu mzima wa Buguruni asiye na ukurasa popote. Njia yake ni ya polepole. Anaegemeza paa kwa mirunda, anabomoa ukuta mmoja tu, anachimba msingi, anaweka zege na nailoni ya kuzuia unyevu, anapandisha tofali mpaka juu, anahamisha mirunda kwenda ukuta unaofuata. Nyumba inabadilishwa mifupa huku watu wanaishi ndani. Nje amechimba mtaro wa kupeleka maji pembeni na amepandisha kizingiti. Juu ya ukuta mpya ameacha matundu ya hewa yenye wavu wa mbu, na kwa hilo dari la ukumbi likabidi likatwe pembeni. Dada alisimama anaangalia jipsamu yake inakatwa, hajasema kitu. Kabati la televisheni limetolewa mlango wa nyuma. Chini ya marumaru za chumba cha pili, zilipong'olewa, ikatokea sakafu ya saruji nyekundu ya bibi, ile iliyokuwa inasuguliwa kwa nta mpaka inateleza. Imepasuka kidogo tu. Hiyo wameamua kuiacha.

Dada akaposti video ya pili: ukuta wazi, fito zinaonekana, mzee anaonyesha kwa fimbo jinsi zilivyofungwa. Haikupata hata robo ya mioyo ya ile ya kwanza. Aliyeituma kwa wenzake wa miaka yake ni mjomba, na akaandika chini yake jina la mama yake lote, na la babu, na la babu wa babu.

Hadi sasa kuta tatu zimeisha. Chumba cha nne bado kina mirunda miwili katikati, mzee mpangaji amehamishia kitanda na redio yake ukumbini kwa muda, chini ya zile taa kumi na mbili, na usiku anawasha moja.